Mama Fundi Anajibu: Wimbo ni Wako, Barua Pepe ni ya Nani?

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja kwa sauti tofauti: wimbo umerekodiwa, studio imelipwa, lebo hakuna, sasa unatokaje, na hela ikija inaingia mfuko wa nani. Nimezifupisha, na nimeondoa majina ya studio na ya watu waliogombana, maana mimi ni fundi mitambo, si hakimu. Mliouliza bei za maiki vumilieni toleo lijalo.

Shikamoo Mama Fundi. Natengeneza singeli hapa Mbagala, nina nyimbo kumi na kitu kwenye kompyuta ya rafiki. Moja niliiweka YouTube mwenyewe, inapigwa mpaka kwenye vigodoro. Watu wananiambia nitafute msambazaji niingie kwenye programu za kusikilizia muziki, Spotify na Boomplay. Huyo msambazaji ananunua nyimbo? Nimlipe nini?
*Kijana wa Mbagala*

Marahaba mwanangu. Hanunui kitu. Msambazaji ni kampuni inayopokea faili la wimbo, kava na taarifa zako, inapeleka kwenye maduka yote ya muziki kwa mpigo, halafu inakukusanyia malipo. Spotify na Apple Music hawapokei wimbo kutoka mkononi mwa msanii mmoja mmoja, ndiyo maana hawa wa katikati wapo. Si jambo la jana: CD Baby walianza 1998 wakiuza CD za wasanii wasio na lebo, DistroKid wamekuja 2013. Wimbo unabaki wako. Ukisoma mkataba ukakuta neno "unahamisha haki zote", funga ukurasa. Huyo ni lebo anayejiita msambazaji.

Kwenye malipo wanatofautiana. DistroKid unalipa ada ya mwaka, unapandisha nyimbo utakazo na mapato hawayagusi, lakini mwaka usipolipa nyimbo zinaweza kushushwa, isipokuwa umelipia nyongeza ya kuziacha zikae. CD Baby unalipa mara moja kwa kila toleo, nyimbo zinakaa, ila wao wanakata asilimia 9 ya kinachoingia. Wapo pia wasiotoza kitu mwanzoni, wakajilipa kwa asilimia. Wewe unafanya singeli, na singeli haisubiri: leo wimbo, Ijumaa wimbo. Ada ya mwaka itakufaa zaidi, mradi una kadi ya kulipia mtandaoni isiyokosa salio siku ya kukatwa. Kama kadi ni ya shemeji, achana nayo.

Kabla hujalipa, fungua ukurasa wao wa malipo usome wanatoa hela kwa njia gani na kima cha chini cha kutoa ni kiasi gani. Kuna vijana wana dola zao huko ughaibuni wanazitazama tu kwenye skrini, kwa sababu njia ya kutolea haifiki walipo.

Kava liwe mraba, pikseli 3000 kwa 3000, lisiwe na namba ya simu wala nembo ya Instagram. Najua mmezoea kuandika "kwa shoo piga" chini ya picha. Watalirudisha. Faili liwe WAV, yaani sauti isiyobanwa, siyo ile MP3 iliyokwishapita kwenye makundi matatu ya WhatsApp. Halafu msambazaji atakupa ISRC, namba ya utambulisho wa rekodi yenye herufi na tarakimu 12. Ikianza na QZ usishtuke, hiyo ni ya Marekani. Iandike kwenye daftari la karatasi. Siku ukihamia kwa msambazaji mwingine unapandisha rekodi ileile kwa ISRC ileile, na hesabu ya wasikilizaji inakufuata. Ukikubali kupewa mpya unaanza sifuri.

Swali hukuuliza lakini nitalijibu: vipande vya taarab ulivyovikata na kuvikimbiza vina wenyewe. Mtaani hakuna anayekuuliza. Kwenye maduka haya unaweka tiki kwamba kila sauti ndani ya wimbo ni yako au umeruhusiwa, na tiki hiyo ndiyo itakayokushitaki. Mtafute mpiga kinanda akupigie kipande kipya, umlipe, aandike jina.

Na usipunguze kasi ili "wa nje waelewe". Singeli ya studio ya Sisso, pale Mburahati, ilitolewa mwaka 2017 na lebo ndogo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ikiwa na mwendo wake uleule wa uswahilini, na hao wa nje wakaipenda hivyo hivyo.

Nyimbo zitoke kwenye kompyuta ya rafiki leo jioni, kabla hamjagombana.

Wimbo wangu wa kwanza umetoka, lakini Spotify umeingia kwenye ukurasa wa jamaa wa Brazil tunayefanana jina. Mashabiki wake wananiandikia maneno nisiyoyaelewa ila nahisi ni matusi.
*Msanii, Bukoba*

Pole. Pengine ni matusi kweli. Mwandikie msambazaji wako, mtumie kiungo cha wimbo, mwambie wewe ni msanii mwingine na unataka ukurasa wako. Ukishahamishwa, jisajili Spotify for Artists uushike mwenyewe. Safari ijayo, wakati wa kupandisha utaulizwa kama jina hili ni la msanii aliyepo au mpya. Watu wengi hubofya la kwanza wanaloliona, nadhani ndivyo ilivyokuwa. Na jina la neno moja la Kiingereza linatumiwa na watu mia duniani. Ongeza jina la babu yako, litakupendeza pia.

Bwana asifiwe Mama Fundi. Mimi ni katibu wa kwaya, Kigoma. Tulirekodi albamu ya nyimbo 8, tukamlipa fundi wa studio, akasema mtandaoni atatuwekea kama ofa. Juzi tumefungua chaneli yetu ya YouTube, tukaweka video, ukaja ujumbe kuna mwenye haki amedai. Kumbe nyimbo zetu zipo kila mahali na lebo imeandikwa jina la studio. Wazee wanataka polisi, wengine wanasema tusamehe.
*Katibu wa kwaya*

Amina. Polisi bado, na msamaha nao bado.

Kwanza muelewe kilichotokea. Fundi amepandisha nyimbo zenu kwa akaunti yake, yenye barua pepe yake na njia ya malipo yake. Kwenye fomu kuna kisanduku cha Content ID, mtambo wa YouTube wa kutambua sauti za watu, akakitia tiki. Tangu hapo mtambo huo una nakala ya sauti zenu ikiwa na jina lake. Mkipandisha video, mtambo unalinganisha, unakuta sauti ni moja, unamtambua yeye. Hauna macho ya kuona sare zenu.

Ujumbe mliopata ni dai tu. Si onyo. Kwa dai la namna hii, kwa kawaida video inabaki hewani na hela ya matangazo ndiyo inayokwenda kwa aliyedai. Onyo ndilo la kuogopa, kwa sababu matatu ndani ya siku 90 yanaweza kuifungia chaneli. Kwa hiyo msifute video kwa hofu.

Mwiteni fundi. Ninyi watu wa kwaya mna bahati mna wazee na mna mahali pa kukaa, litumieni hilo. Msianze na neno wizi. Mwombeni afungue akaunti yake mbele yenu, kwenye kompyuta, si kwenye picha za skrini. Kila msambazaji ana ripoti inayoonyesha wimbo, duka, nchi, mwezi na kiasi, na inapakuliwa. Mkiiona ripoti mtajua mnagombania nini. Mara nyingi ni hela ya kununulia viti vichache vya plastiki, na hapo hasira hupoa, ingawa haki haipungui kwa sababu hela ni ndogo.

Akikubali, kuna mpangilio wa kuhama, na usipofuatwa mtapoteza wasikilizaji wa mwaka mzima. Fungueni akaunti ya kwaya kwa msambazaji. Chukueni kwake ISRC za nyimbo zote 8. Pandisheni albamu upya mkiwa na ISRC hizohizo, jina lilelile na sauti ileile. Subirini ionekane madukani. Hapo ndipo yeye ashushe ya kwake na aachie madai ya Content ID. Ikishushwa ya kwake kabla yenu haijapanda, kila kitu kinapotea hewani.

Akikataa, pingeni dai ndani ya YouTube. Ana siku 30 za kujibu. Akilishikilia, mnakata rufaa, na hapo anabaki na siku 7: aachie, au apeleke ombi rasmi la kuondoa video, ambalo huliandika kwa jina lake halisi akijua kusema uongo kuna gharama. Wengi huishia hapo. Sambamba na hilo mwandikieni msambazaji wake, mkiambatisha risiti za studio na zile meseji mlizokubaliana. Na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ndiko mahali pa kupeleka mgogoro wa hakimiliki, kabla ya kituo cha polisi ambako ISRC itabidi muieleze kuanzia A.

Sisemi mafundi ni wezi, mimi mwenyewe ni mmoja wao. Fundi huweka barua pepe yake kwa sababu akiwauliza ya kwaya mnatazamana. Basi ifungueni leo, kwa jina la kwaya, si la katibu. Laini ya simu ya kurejeshea nenosiri iwe ya kwaya, ikae kwa mhazini, na watu wawili wajue nenosiri. Makatibu huolewa, huhamishwa kazi. Kuna kwaya naifahamu, katibu alihamia Shinyanga na laini yake, chaneli ikabaki mnara usio na funguo.

Na siku mkirekodi tena, andikeni karatasi moja kabla maiki haijawashwa. Haihitaji Kiswahili cha mahakamani. Kitu kama hiki:

*"Kwaya imemlipa fundi shilingi … kwa kurekodi na kuchanganya nyimbo … Rekodi ni mali ya kwaya. Fundi atakabidhi faili za WAV za nyimbo zilizokamilika, pamoja na sauti na vyombo kila kimoja peke yake, ifikapo tarehe … Fundi hatapandisha wimbo wowote mtandaoni kwa akaunti yake. Jina la fundi litaandikwa kila mahali wimbo unapotoka. Mtunzi wa wimbo wa kwanza ni …, wa pili ni …"*

Sahihi, mashahidi wawili, tarehe. Msisahau hiyo ya watunzi. Hela ya rekodi inaweza kwenda mfuko wa kwaya mkanunua spika, lakini utunzi ni wa aliyetunga, hata kama ni mwalimu wenu mpole asiyedai kitu. Mpole akifa, watoto wake si lazima wawe wapole.

Kuna jamaa Telegram anauza wasikilizaji 10,000 kwa bei poa. Ninunue ili Spotify waanze kunilipa?
*Msomaji, Nakuru*

Hapana. Ni kweli tangu 2024 wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 haupati senti Spotify, na najua inauma. Lakini mwaka huohuo walianza kuwatoza faini wasambazaji kwa nyimbo zenye wasikilizaji wengi wa bandia, na msambazaji humkata msanii faini hiyo au humshushia wimbo. Hela ya jamaa wa Telegram mpe kijana mwenye kamera akupige video tatu fupi ukiimba kibarazani. Wasikilizaji wako wako YouTube na Boomplay, ndani ya simu ya Tecno yenye bando la siku moja. Spotify itakuja baadaye, isipokuja pia utaishi.

Mama Fundi, shikamoo. Babu yangu alikuwa mpiga udi wa kikundi cha taarab hapa Mombasa. Ameacha sanduku la kaseti, nyingine za kununua na nyingine za harusini. Nataka kuzitoa mtandaoni kwa jina la kikundi. Waliobaki hai ni wawili, wazee sana. Nianzie wapi?
*Mjukuu, Mombasa*

Marahaba mjukuu. Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko zote. Anza na wale wazee wawili. Kaseti ina subira zaidi kidogo kuliko mwanadamu. Nenda na simu, weka kaseti mbele yao moja moja, rekodi wanavyosema: nani anaimba, nani kwenye kinanda, na hasa shairi ni la nani. Kwenye taarab anayeimba mara nyingi siye aliyetunga, na kava la kaseti humtaja mwimbaji peke yake.

Kisha tenga mafungu mawili. Kaseti za dukani zina mwenye duka ndani yake. Mombasa ilikuwa na biashara hii kabla ya intaneti: Mbwana Radio Service pale Mji wa Kale walirekodi vikundi na kuuza kaseti dukani kwao, na Assanand walikuwa na lebo yao ya Mzuri wakitoa sahani za santuri. Ukiona jina la duka, watafute warithi uwaulize kwa maandishi. Sheria ya Kenya inalinda rekodi miaka 50 tangu mwisho wa mwaka ilipofanywa, na utunzi unalindwa uhai wote wa mtunzi na miaka 50 baada yake. Mtunzi aliyefariki 1995 mashairi yake ni mali ya familia yake hadi mwisho wa 2045. Kama kikundi kilikuwa na mtunzi wa Unguja, Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003 na ofisi yake ya hakimiliki, COSOZA.

Fungu la harusini ndilo tamu zaidi kimuziki, na ndilo linalonitia wasiwasi. Sikiliza vizuri kinachoendelea nyuma ya udi. Yako majina ya waliokwenda kutunza, viko vicheko vya kina mama waliokuwa peke yao ukumbini wakijua hakuna mwanamume wala redio, na ziko nyimbo za mafumbo zilizomlenga mtu ambaye huenda bado anaishi mtaa wa pili. Rekodi hiyo ni ya kikundi, lakini sherehe ilikuwa ya watu. Ningekuwa mimi, ya ukumbi wa wanawake ningeihifadhi nyumbani na kuisikilizisha familia tu, nikatoa zile zilizopigwa hadharani. Sheria hainilazimishi, najua.

Kwenye mashine sasa. Usiichomeke kaseti ya miaka arobaini kwenye redio ya jikoni. Vunja kwanza vile vijino viwili vya nyuma ili isirekodiwe juu yake kwa bahati mbaya. Chungulia kile kisponji kidogo katikati kinachokandamiza utepe, kikiwa kimebanduka sauti itafifia, na fundi yeyote mzee anaweza kuhamisha utepe kwenye ganda zima la kaseti nyingine yenye skrubu. Safisha kichwa cha deki kwa pamba na spiriti. Peleka utepe mbele hadi mwisho na urudishe mara moja ndipo ucheze. Rekodi kwa WAV ya biti 24, na faili hilo la kwanza usiliguse tena maisha yako yote. Usafi wa kelele ufanye kwenye nakala, na kidogo. Programu za siku hizi zinaondoa mvumo wa utepe pamoja na pumzi ya mwimbaji, ukimaliza babu yako anasikika kama yuko ndani ya chupa.

Pa kutolea: mimi ningeanza na Bandcamp, duka la mtandaoni ambako msanii huwauzia wasikilizaji moja kwa moja, kwa kazi ya namna hii. Unaweka bei mwenyewe, na una nafasi ya kuandika historia, majina ya wapigaji na picha za zamani, mambo ambayo Spotify hayapati nafasi. Wao hukata asilimia 15 kwa mauzo ya faili, kisha zinatoka ada za malipo. Hela inapitia PayPal, na tangu 2018 Wakenya wanaweza kuitoa PayPal kwenda M-Pesa. Kwa majirani zako wa Mombasa weka nyimbo mbili tatu YouTube. Nyimbo zenye kianzio kizuri cha udi zifikirie pia kwa Skiza, huduma ya Safaricom ya wimbo anaousikia anayekupigia simu: sheria ya Kenya iliyorekebishwa mwaka 2022 inampa mwenye haki asilimia zisizopungua 52 ya mapato ya miito ya simu, kampuni ya simu 39.5 na mtoa huduma wa katikati 8.5. Mtu wa katikati akikutajia mgawo mwingine, mtajie hizo.

Mgawo wa warithi uandikeni kabla ya shilingi ya kwanza. Ikishaingia, kila mtu atakumbuka babu yake ndiye aliyekuwa kiongozi wa kikundi.

Assalaam alaykum Mama Fundi. Nipo Muscat, nasikiliza taarab na zumari za huko nyumbani kila siku kwenye programu ya kulipia. Je, ada yangu ya mwezi inawafikia hao ninaowasikiliza?
*Msomaji, Muscat*

Wa alaykum salaam. Inawafikia kidogo kuliko unavyodhani. Kwenye programu nyingi kubwa, ada yako haigawiwi kwa uliowasikiliza wewe. Inamwagwa kwenye fungu moja na ada za wengine, kisha fungu linagawiwa kwa hesabu ya jumla ya kilichosikilizwa. Ukisikiliza zumari mwezi mzima, sehemu kubwa ya ada yako bado inakwenda kwa nyota ambao hujawahi hata kuwabofya.

Ukitaka ifike, nunua. Msanii akiwa na Bandcamp mnunulie huko, na ukiweza ngoja siku wanayoiita Bandcamp Friday, walioianza Machi 2020 wakati wa korona, ambayo kampuni inaacha sehemu yake yote iende kwa msanii. Bei ikiandikwa dola tano una ruhusa ya kulipa kumi. Asipokuwa huko, muulize kama ana M-Pesa au njia nyingine ya simu na umtumie moja kwa moja. Hakuna msanii wa kikundi kidogo atakayekuona msumbufu.

Ukishanunua, pakua faili zenye ubora kamili, za FLAC au WAV, uziweke kwenye diski yako, usiridhike na kusikilizia ndani ya programu. Bandcamp yenyewe ilinunuliwa na Epic Games, kampuni ya michezo ya kompyuta, mwaka 2022, ikauzwa tena kwa kampuni ya muziki ya Songtradr 2023, na wafanyakazi karibu nusu wakabaki nje. Mwakani atakayekuwa na funguo simjui.